Naomba ushauri: kuunganisha data za jeni za nzi wa matunda kwa zana za mtandaoni

Mwanauzamili: Wakuu, habari zenu. Sina maabara wala nzi hata mmoja, natumia data za watu. Nalinganisha utendaji wa jeni kati ya nzi wa kawaida na waliolishwa sukari nyingi. Nimepakua seti mbili za Drosophila (nzi wa matunda) kutoka GEO, hifadhi ya wazi ya data za jeni, zote za vichwa vya madume. Niziunganishe kwa Galaxy, tovuti ya bure ya kuchambua data, au kuna nyingine? Laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nina wiki ya tatu silali vizuri.

Mama Kunde: Pole mwanangu. Kwangu wamejaa kwenye ndizi. Weka siki na tone la sabuni kikombeni, wanazama wenyewe.

Takwimu: Galaxy inatosha, kazi inafanyika kwenye kompyuta zao. Kwanza hakiki namba za FBgn (vitambulisho vya jeni) kule FlyBase, kanzidata ya nzi hawa, maana namba za zamani hubadilishwa. Seti zote ni RNA-seq, yaani RNA iliyosomwa moja kwa moja?

Mwanauzamili: Moja ni ya chipu za Affymetrix, vile vibao vya kupimia jeni. Zote nimeziweka kwenye logi, nadhani yatosha.

Takwimu: Haitoshi. Chipu inapima mng'ao, RNA-seq inahesabu vipande vya RNA. Nzi wa kawaida wako seti ipi?

Mzee Darubini: Vijana mnapenda mkato. Sisi tuliwalaza kwa etha, tukatenganisha dume na jike kwa brashi kabla hawajazinduka.

Takwimu: Mkuu, sijajibiwa.

Mwanauzamili: Wa kawaida wote wako kwenye chipu, waliolishwa sukari nyingi wote RNA-seq. Lakini kuna programu ya ComBat, inaondoa tofauti za seti! Sura ya nne nimeshaiandika.

Takwimu: Kwako tofauti ya seti ndiyo hiyo hiyo tofauti ya sukari. Ukiifuta moja, na nyingine imekwenda. Hakuna zana ya kukuokoa hapo.

Kibanda: Hii chai. Mwezi jana ulikuwa unauliza chanjo ya kuku, leo jeni?

Mwanauzamili: Kuku ndio wanaonilipia ada.

Kibanda: Basi fungua faili utuambie Yp1 ikoje. Ni jeni ya protini ya kiini cha yai, kwa madume utendaji wake huwa chini mno.

Mwanauzamili: Kwenye chipu iko chini kabisa. Kwenye RNA-seq iko juu sana. Nimerudi kusoma maelezo ya sampuli: dume na jike wamechanganywa. Sikuyasoma.

Kibanda: Samahani mkuu, data unazo kweli.

Takwimu: Tafuta seti moja yenye makundi yote mawili, hata ikiwa ndogo.

Mwanauzamili: Nimeanza kutafuta. Sura ya nne siifuti kwanza, hadi nimwone msimamizi Jumatatu.