Paka atoke, ndege abaki: hivi kweli ndege ni msafi kuliko paka?

Wenzangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, limetugawa wiki ya tatu sasa. Wifi yangu ana mimba ya miezi minne. Mama ametaka paka aondolewe kabla mtoto hajazaliwa, kwa kuwa paka ni mchafu, anakula panya na kuingia majaani. Lakini matundu mawili ya ndege, moja la chiriku na moja la njiwa weupe, yabaki pale pale ukumbini karibu na meza ya chakula, kwa sababu ndege "hagusi chini". Majirani karibu wote wako upande wa Mama. Mimi sikubaliani naye, na nitaeleza kwa nini.

Kwa usafi wa mwili, sioni wa kumshinda mwenzake. Ulimi wa paka una vijimiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha za vijimiba hivyo zina mfereji unaochota mate na kuyafikisha hadi chini ya manyoya, karibu na ngozi. Chiriku naye hujichambua manyoya kutwa, na ukimwekea kibakuli cha maji ataoga mwenyewe bila kulazimishwa.

Tofauti iko kwenye kinyesi. Paka huchimba, hunya, hufukia. Mwekee sanduku la mchanga, na kwa kawaida haichukui siku nyingi kabla hajajua kuwa choo chake ni pale. Chiriku hana choo. Hutoa kinyesi kila baada ya muda mfupi, popote alipo: kijitini, kwenye mtama wake, ndani ya maji yale yale anayokunywa. Ule weupe unaouona ni mkojo wake, kwani ndege hakojoi majimaji kama sisi. Vyote hutoka pamoja, vikakauka, vikawa vumbi. Akipiga mbawa, vumbi hupaa na sisi tunalivuta. Wiki iliyopita nilitandika kitambaa cheusi kwenye meza usiku, na asubuhi nikamwita Mama aje akione. Kilikuwa na ukungu mweupe, na upande wa njiwa ndio ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu manyoya laini ya njiwa yenyewe humeguka kuwa unga.

Vumbi hilo si la kupuuzwa. Wafugaji wa njiwa wa miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu unaotokana na kulivuta siku baada ya siku: kikohozi kikavu, pumzi kubana, na usipogunduliwa mapema mapafu hubaki na makovu. Kasuku wana ugonjwa wao, homa ya kasuku, unaoletwa na bakteria na kumpata mtu kwa njia hiyo hiyo ya vumbi. Mwaka 1929 na 1930 ulisambaa nchi nyingi pamoja na biashara ya kasuku kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa, hata Rais Herbert Hoover wa Marekani akapiga marufuku kuwaingiza kasuku nchini mwake. Leo dawa ipo. Lakini daktari hawezi kuufikiria kama hukumwambia kuwa nyumbani una ndege, na nani kati yetu huenda hospitali na kikohozi akamtaja ndege wake?

Sasa nije kwa wifi, maana hapa Mama ana hoja na sitaki kuikwepa. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na mayai yake hutoka na kinyesi. Kikimwingia mjamzito ambaye hakuwahi kukipata kabla, kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo. Hili ni kweli na ni zito. Lakini paka kwa kawaida huyatoa mayai hayo kwa wiki moja mpaka tatu tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na mayai yenyewe huhitaji siku moja mpaka tano nje ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo mchanga ukitolewa kila siku, na anayeutoa si mjamzito, hatari inapungua sana. Kaka ana mikono miwili, kazi hiyo ni yake. Na kijidudu hicho hicho kimo katika nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Mbona mishikaki ya jioni, ile ya nje imeungua na ndani mbichi, hatujaambiwa tuiache?

Ami yangu aliingia kwa upande wa dini, akasema manyoya ya paka yanaharibu sala. Nilimjibu kwa adabu kwamba suala la paka limekwisha kusemwa. Sahaba Abu Qatada alikuwa kwa Kabsha, mke wa mwanawe, naye akamtilia maji ya kutawadhia. Paka akaja, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mkwewe alipomkodolea macho, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Ami akashikilia kuwa kwa Imamu Shafii unyoya uliodondoka kwa paka una hukumu yake. Ni kweli, lakini kidogo chake husamehewa. Na kwa Shafii huyo huyo kinyesi cha ndege ni najisi, hata cha njiwa tunayemla, ingawa Malik na Ahmad wanaona cha ndege anayeliwa ni tohara. Basi tukipima kwa madhehebu tunayoyafuata hapa kwetu, ni lipi la kuangaliwa kwanza, unyoya kwenye kanga au matone kwenye meza?

Kuna nyumba ambazo mimi mwenyewe nitasema paka asikae. Mwenye pumu inayochochewa na paka hasaidiwi na kufagia tu, kwa sababu kinachomdhuru kinatoka kwenye mate na ngozi ya paka, ni chepesi sana, na huelea hewani muda mrefu. Na paka asiyepewa dawa ya minyoo wala kutolewa viroboto, anayelala kitanda kimoja na watoto na kuwapa choa, huyo simtetei. Lakini huyo ni paka aliyetelekezwa na mwenyewe.

Na mnaofuga njiwa juu ya bati huku mkikinga maji ya mvua ya bati hilo hilo, tafadhali angalieni matangi yenu. Msikwangue kinyesi kikavu bila kukilowesha kwanza na kuziba pua. Lundo la kinyesi cha njiwa huotesha kuvu inayoweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka. Tunao wagonjwa wa namna hiyo majumbani, na mara nyingi hatujui ni nani.

Nilimpa Mama shauri: paka abaki, Kaka ashike mchanga, matundu yahamie uani chini ya kibanda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia wale chiriku aliwaacha marehemu Baba, ukumbini ndiko alikowatundika kwa mkono wake, na akiwatoa nje kunguru watawatoboa macho mchana kweupe. Sikuwa na jibu. Kunguru wa hapa Unguja tunawajua. Waliletwa enzi za Waingereza, mwishoni mwa karne ya 19, ili wale taka, na wakageuka balaa la vifaranga na viota vya ndege wengine.

Kwa hiyo ninayemtafuta zaidi ni mtu aliyewahi kufuga chiriku uani, Unguja, Tanga au Mombasa, wakaishi. Ulitumia wavu wa matundu ya ukubwa gani, mmoja au miwili? Uliwafunika usiku? Na anayeona nimekosea kuhusu paka naye aseme, ila aje na sababu.