Risasi za kujaziwa zimenitupa Maina, kundi la nguvu ndogo, na ile ya mwisho ikapigwa kwenye krono, mashine ya kupima mwendo wa risasi, bila mimi kuulizwa!

Wakubwa kwa wadogo, jambo zenu. Natokea Lubumbashi.

Nimekaa siku nne bila kuandika, kwa sababu ningeandika usiku ule ule ningetukana watu. Hasira bado ninayo, lakini sasa nina namba pia, kwa hiyo someni mpaka mwisho kabla hamjaniambia nimeshindwa tu na ninatafuta wa kumlaumu.

Sisi ni watu watano wa hapa tunaopiga IPSC, ule mchezo wa kulenga shabaha huku miguu inakimbia na saa inakuhesabu. Huku kwetu silaha zinasimamiwa na ile ordonansi-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na kupata bastola ya michezo si jambo la kuamka asubuhi ukalifanya. Basi tunakwenda upande wa Zambia, kwenye klabu inayotupokea na kutuazima bastola zake. Karibu kilomita 90 hadi mpakani Kasumbalesa, halafu foleni ya makamyoni ya shaba, halafu mihuri. Tunavuka mikono mitupu. Mimi kabla ya kutoka nyumbani nageuza begi juu chini kitandani na kulikung'uta, mke wangu anamulika na simu, tunaangalia pembe zote, maana ganda moja tupu lililojificha kwenye mshono linaweza kukulaza mahabusu mpakani. Nasema haya mjue kwamba mtu wa Lubumbashi akisimama kwenye mstari wa kuanzia, ameshalipa sana kabla hajafyatua hata risasi moja.

Kwa kuwa hatuvuki na risasi, tunanunua kule kule. Jamaa anayejaza risasi pale ni mtu wa kwetu, alihamia kule zamani, na mimi namwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima yote. Ana mashine yake ya kujazia ndani ya gereji. Anaokota maganda uwanjani, anayasafisha, anapachika fataki, anatia baruti, anakandamiza kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Kazi yenyewe siidharau hata kidogo. Mtu wa kipato kama changu hawezi kudumu katika mchezo huu kwa risasi za dukani peke yake, na anayejaza kwa uangalifu anakutengenezea risasi iliyotulia mkononi kuliko ya kiwandani. Niliagiza 300 za kalibre 40, vichwa vya gireni 180 (gireni ndicho kipimo cha uzito wa vichwa), dola 120 taslimu. Nikamuuliza mara mbili: "Yaya, hii inapita Meja?" Akanijibu: "Mudogo, usiogope. Inapita na chenji inabaki."

Kwa mgeni ambaye haelewi Meja ni nini: mchezo huu tangu ulipoundwa rasmi mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, umesimama juu ya maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas. Usahihi, nguvu, kasi. Nguvu inapimwa. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa gireni, unazidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa 1000. Katika daraja la Standadi ukifika 170 wewe ni Meja. Ukiwa chini ya hapo lakini hukushuka 125, wewe ni Maina. Ukipiga katikati ya shabaha, eneo A, wote mnapata pointi 5. Tofauti iko pembeni: eneo C Meja anapata 4, Maina anapata 3, na eneo D Meja anapata 2, Maina 1. Pointi zako zinagawanywa kwa sekunde zako. Na katika Standadi huwezi kudai Meja na 9 mm hata ukijaza baruti hadi mdomoni, sharti upana wa kichwa usipungue milimita 10. Ndiyo sababu tunavumilia kalibre 40: teke lake kali, magazini inayobeba risasi chache, bei iliyo juu. Unavumilia yote hayo kwa ajili ya pointi moja moja za pembeni.

Sasa siku ya mechi.

Julai, asubuhi, na mtu wa Katanga yeyote anajua Julai asubuhi ni nini. Pumzi inatoka kama moshi, vidole havihisi kifyatulio. Kikosi chetu kilipangiwa krono kuwa kituo cha kwanza, jua halijapanda juu ya miti. Refa alichukua risasi 8 kutoka kwenye magazini zangu, sawa kabisa. Moja akaitia kwenye ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, akaigonga kwenye gogo mara tatu, kichwa na baruti vikaanguka ndani. Akakifuta kichwa kwa kidole gumba, akakiweka kwenye mizani. Mizani yenyewe ilikuwa juu ya meza ya plastiki, nje, bila kizuizi cha upepo, namba zinapanda na kushuka kama moyo wa mgonjwa. Zikatulia kwenye 178.9. Boksi langu lina lebo ya kalamu nyekundu: 180.

Tatu zikapigwa kwenye krono. Futi kwa sekunde: 941, 936, 944. Wastani wake ukizidisha na 178.9, ukagawa kwa 1000, unapata 168.2. Haitoshi. Kanuni inaruhusu nyingine tatu, zikapigwa: 938, 949, 940. Hapo unachagua tatu zenye mwendo mkubwa kati ya zote sita, yaani 949, 944 na 941. Jibu: 169.0.

169.0! Nimepungukiwa na kimoja tu. Na kama kichwa kingekuwa na gireni 180 nilizolipia, hesabu ile ile inatoa 170.04 na mimi ni Meja. Fanyeni wenyewe kwenye simu zenu.

Ilibaki risasi moja, ya nane. Kabla sijafungua mdomo refa alishaichukua, akaitia kwenye bastola, akapiga. 939. Haibadilishi kitu, kwa sababu ni ndogo kuliko zile tatu za juu. Akaandika Maina kwenye karatasi, akanigeuzia: "Papa, saini hapa." Nikasaini. Kiingereza chake cha haraka na Kifaransa changu havikukutana, nyuma yangu kuna watu kumi wanapiga miguu chini kwa baridi, na mimi niliamini anayeshika kitabu anakijua kitabu.

Hakukijua, au alikijua akaona haina haja kwa mtu aliyetoka Congo. Usiku nikakaa na simu nikisoma sura ya 5 ya kanuni neno kwa neno, na shemeji wa mwenzetu anatutafsiria. Risasi ile ya mwisho ni ya mshindani KUCHAGUA. Unaweza kuomba ipigwe upate mwendo mwingine, au unaweza kuomba ing'olewe kichwa kipimwe, na kikiwa kizito kuliko cha kwanza, hesabu inarudiwa kwa uzito huo mzito. Mimi mwenye mwendo wa kutosha na kichwa chepesi, mtoto mdogo angechagua mizani! Nani alimpa refa haki ya kunichagulia?

Na kukata rufaa? Sura ya 11: kwa maandishi, ndani ya saa moja tangu tukio. Saa moja hiyo mimi nilikuwa kituo cha pili nakimbia na bastola.

Nilipiga mechi yangu yote nikiwa Maina. Nilihesabu karatasi zangu za alama: C 41, D 6. Pointi 47 zimeondoka, na kwa sekunde zilezile ningepanda nafasi kadhaa kwenye Standadi. Jamaa aliyenizidi kidogo alikuwa anapiga 9 mm, Maina kwa hiari yake, bastola haimrushi, magazini imejaa. Mimi nilikula teke la 40 nikapewa alama za 9. Mwili mzima ulikuwa unanidai sababu.

Jumapili kabla ya kurudi nikaomba chumba cha ndani na mizani ya mzee mmoja wa klabu, mizani nzuri yenye kijiwe chake cha kuisawazishia. Nikachukua risasi 10 kutoka boksi lile lile, bila kuchagua, wenzangu wanne wamesimama, tukang'oa vichwa kimoja kimoja. Hii hapa: 178.3, 178.6, 178.9, 179.1, 179.4, 179.6, 180.0, 180.1, 180.3, 180.6. Ili nipite nilihitaji kichwa cha 180 tu. Vinne kati ya kumi vilikuwa vinafika. Hiyo ndiyo nafasi iliyochomwa na refa kwa sekunde mbili.

Sasa nakuja kwa yaya, maana najua anasoma hapa.

Yaya, ulinitumia sauti ukaniambia ni baridi. Kweli, kuna baruti ambazo mwendo wake unashuka ubaridi ukizidi, hilo sikatai. Lakini ukaendelea ukasema wewe ulipima Oktoba, mchana, kwa bastola yako. Bastola yako ni Glock 35! Mtutu wake una milimita 135. Ya klabu ninayoazima ni Glock 22, milimita 114. Risasi ile ile ikipita kwenye mtutu mfupi inatoka na mwendo mdogo, baruti inapata nafasi ndogo ya kuisukuma. Wewe ndiye ulinifundisha hilo mwaka nilioanza, tumekaa kwenye tairi mbele ya gereji yako. Ulijua napigia nini. Ulijua mechi ni Julai. Ulijua vichwa vile vya kumiminwa havilingani uzito, kwa sababu mwenye kuvimimina hapimi kila kimoja. Halafu unaniambia inapita na chenji inabaki? Chenji gani? Mtu mwenye kujali anajaza mpaka 174 au 175 kwa bastola ya mteja, ili baridi ije, mizani itetemeke, kichwa kiwe chepesi, bado apite. Wewe ulinijazia mpaka ukingoni mwa shimo kisha ukaniambia nitembee gizani.

Sitaki maneno ya kifamilia kwenye hili. Dola 120 sizidai zote, maana risasi zilifyatuka na hakuna hata moja iliyokwama, nalisema hilo kwa haki. Nadai karatasi. Kila boksi unalouza liwe na tarehe uliyopima, bastola uliyopimia na urefu wa mtutu, uzito wa vichwa kumi si kimoja, na mwendo wa kila risasi ya kupimia. Ukishindwa kuandika hayo, usiandike Meja kwenye lebo, andika tu kalibre na tuache tujipimie wenyewe kabla ya mechi.

Mnaonijibu faragha kwamba nilipaswa kupima mwenyewe mapema: ndiyo, nilipaswa. Lakini krono ya klabu inatolewa sandukuni siku ya mechi tu, tumeomba itolewe siku ya mazoezi, tukaambiwa betri. Betri! Niko tayari kununua betri hizo kwa pesa yangu, mtu aniambie ni za aina gani.

Kwa marefa, hata wale wa nchi nyingine mnaopita hapa. Siwaombi upendeleo na sipingi krono. Aliyepungua apungue. Eneo letu hili la Afrika si geni kwenye mchezo, mashindano ya dunia yalishafanyika Salisbury, Harare ya leo, mwaka 1977, kwa hiyo msituambie kanuni bado zinazoeleka. Mkifika kwenye risasi ya nane, wekeni chini, mtazameni mwenye bastola usoni, mwulizeni: tupige au tupime? Haelewi Kiingereza, onyesheni mizani kwa kidole, kisha krono kwa kidole. Hilo linachukua muda gani?

Wenzangu wawili tayari wamesema mechi ijayo hawavuki. Mmoja ameuza mkanda na ala yake ya bastola juzi. Mimi nitarudi, na nitakuwa na kanuni ya sura ya 5 imechapwa kwa Kifaransa na Kiswahili, kurasa mbili, ndani ya plastiki.

Yaya, jibu hapa hapa mbele ya watu, si kwa sauti ya WhatsApp. Vile vichwa vya boksi langu ulipima vingapi kabla hujaandika 180?