Mjadala: Wenye mashine za mbao Mufindi wazuiwe kuchoma maranda na wayagawe bure kwa wakulima?

Mleta mada

Wadau, nawasalimu. Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya wakati wa kiangazi huona moshi kabla hajafika Mafinga. Chanzo chake ni malundo ya masalia ya mbao yanayofukuta wiki baada ya wiki kando ya mashine zinazopasua misindano ya Shamba la Miti Sao Hill na ya mashamba ya watu binafsi. Mashine nyingi ni zile tunazoziita dingdong, ambazo msumeno wake wa duara ni mnene kiasi kwamba sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vumbi na mabanzi. Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo, mkulima wa parachichi analipa vibarua wafyeke nyasi za kutandaza mashinani mwa miche yake, isije ikakaushwa na jua la Septemba na Oktoba.

Hoja yangu ni kwamba halmashauri zetu zitunge sheria ndogo itakayopiga marufuku uchomaji huo na kumtaka kila mwenye mashine awaruhusu wakulima kuzoa masalia bila malipo. Katika shamba langu nimetandaza maranda kwa misimu mitatu, unene wa sentimita nane hivi, nikiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina, na palizi imepungua kutoka nne hadi mbili kwa mwaka. Wenye mawazo tofauti naomba waseme.

Mkulima wa mahindi

Ndugu mleta mada, mimi ni mmoja wa waliodanganyika na neno "bure". Mwaka juzi nilisomba vumbi la mbao tripu tatu za lori dogo, nikalimwaga kwenye robo eka na kulilima pamoja na udongo, nikiamini kwamba kila kinachooza ni mbolea. Mahindi yaliota vizuri, lakini yalipofika magotini yakageuka njano, ilhali ng'ambo ya mfereji, kwa mbegu ileile na mbolea ileile, yalikuwa ya kijani kibichi. Nilivuna magunia mawili mahali ninapozoea kuvuna matano. Kabla ya kutunga sheria, tuambiwe ni nani atakayemfidia mkulima aliyepewa kitu cha bure kikamkosesha chakula.

Afisa ugani mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Kilichokupata kina maelezo yake, nami nitakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo mjadala huu unapokosea njia mara nyingi.

Vumbi la mbao lina kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo mno, uwiano wa mia kadhaa kwa moja, wakati biwi la mboji huoza vizuri uwiano huo ukiwa kati ya 25 na 30 kwa moja. Ukilichanganya na udongo, vijidudu vinavyoliozesha huhitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, na visipoipata ndani ya vumbi huichota udongoni, vikaiwahi kabla ya mizizi ya mahindi. Naitrojeni hiyo haipotei, bali hurudi vijidudu vinapokufa, lakini wakati huo mahindi yako yameshadumaa. Hebu tupige hesabu: kilo 100 za vumbi kavu zina takriban kilo 50 za kaboni, na ili kuufikia uwiano wa 30 kwa moja utahitaji karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni, yaani kilo tatu na ushee za urea. Hesabu hii inazidisha kiasi, maana kaboni iliyofungwa kwenye lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu, huchukua miaka kuoza na haidai naitrojeni yote kwa mpigo. Hata hivyo, kwa mzigo wa lori zima, bei yake si ya mzaha.

Mleta mada hakupatwa na hayo kwa sababu alitandaza juu. Matandazo yasipochanganywa na udongo, upungufu wa naitrojeni hutokea pale tu yanapogusana nao, katika tabaka jembamba, na wanaoumia zaidi ni magugu machanga yanayoota hapo. Mparachichi nao hunufaika kuliko mazao mengi, kwa kuwa mizizi yake ya kulishia iko karibu na uso wa ardhi. Wakulima wa Queensland, Australia, walikwisha kuona zamani kwamba miparachichi iliyotandazwa kwa wingi huhimili zaidi uozo wa mizizi unaoletwa na Phytophthora, kimelea kinachoishi udongoni. Fangasi wanaoozesha miti hutoa vimeng'enya vya kuvunja selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mti, na kwa kuwa kuta za seli za kimelea hicho zina selulosi pia, nacho huvunjwa.

Ila tusiyaite yote "maranda". Maranda hasa ni yale mapana yanayotoka kwenye randa, nayo hupitisha maji na hewa. Vumbi la msumeno ni laini, na likitandazwa nene hushikamana kama kofia, mvua ikateleza juu yake huku udongo wa chini ukibaki mkavu, hivyo lisizidi sentimita mbili au tatu. Mwenye mahindi au mboga asiyeweza kusubiri nampa ushauri mmoja: maranda yapite kwanza kwenye banda la kuku. Yakikaa chini ya kuku wa nyama wiki tano au sita yatakuwa yamebeba naitrojeni ya kinyesi chao, na ukiyarundika yakiwa na unyevu na kuyageuza hadi joto livuke nyuzi 55, utapata mboji ambayo haitamdhulumu mtu magunia matatu.

Mwenye mashine

Shikamoo mzee, na asante kwa elimu. Naomba nami nisikike, kwa sababu tunasemwa kana kwamba tunachoma kwa kupenda. Mashine hufuata miti. Leo iko kitalu hiki, mwezi ujao iko kwingine, na lundo nikiliacha, mwenye shamba hunidai nisafishe apande upya.

Pili, si kweli kwamba masalia hayana mwenyewe. Mabanzi huchukuliwa na wachoma matofali, maranda hununuliwa na wafugaji wa kuku, na vumbi huzolewa na akina mama wanaolishindilia kwenye majiko yao ya bati, jambo ambalo hakuna aliyelitaja hapa. Sheria ikisema masalia ni ya wakulima, mtakuwa mmempokonya mpishi mkampa mwenye lori.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, eneo letu linatengeneza pia nguzo za umeme, ambazo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Vipande na vumbi la nguzo hizo, na la mbao zilizotiwa dawa, vikichanganyika na lundo la kawaida na mtu akavipeleka kwenye bustani ya mchicha, nani atabeba lawama?

Mkulima wa Pawaga

Kwa sisi wa bondeni kwenye joto, mzee, matandazo ya mbao ni karamu ya mchwa. Yakishaisha huhamia kwenye miche. Huko Mufindi kwenye baridi hamlioni hili kwa ukali tunaouona sisi.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na ninaondoa sehemu ya hoja yangu. Kulazimisha ugawaji kwa wakulima peke yao kungewaumiza akina mama aliowataja mwenye mashine, na sikuwa nimewafikiria. Ninachoshikilia ni kwamba uchomaji wa wazi ukomeshwe, na kwamba masalia yasimwagwe kwenye mabonde ya vijito vinavyoingia Mto Ruaha Mdogo, maana vumbi likilowa hutoa maji meusi ambayo kuoza kwake humaliza hewa ya samaki. Lundo lililobaki liwe wazi kwa yeyote anayefika na gunia, awe mpishi au mkulima. Kuhusu dawa, ninakubali kwamba hapo pasiwe na hiari: masalia ya nguzo yatengwe kwenye sakafu ya saruji chini ya paa, na yasitoke hapo kwenda shambani, bandani wala jikoni, kwa sababu aseniki haiozi, na ukiichoma huingia kwenye moshi na majivu. Ndugu mwenye mashine, je, utalipokea sharti hilo?

Mwenye mashine

Nguzo sipasui, lakini mbao za dawa ninakata, kwa hiyo sharti linanihusu na nitajenga sakafu na paa. Nitakachokipinga mbele ya diwani ni kutozwa ushuru wa taka kwa mzigo ambao mkulima amekuja kuuchukua mwenyewe.