"Kunguni wamezoea dawa": nifundishe mageuko ya viumbe (evolution) kwa neno gani?

MwalimuKawangware:
Habari zenu walimu wenzangu na wote mlio humu. Nafundisha Bayolojia Kidato cha Nne huku Kawangware, Nairobi. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini nikiona macho ya wanafunzi yamepotea huhamia Kiswahili, na hapo ndipo mambo huniharibikia.

Juzi niliuliza mbona dawa iliyokuwa ikiua kunguni zamani siku hizi haiwaui. Darasa zima likaitikia: "Wamezoea!" Ndivyo tusemavyo nyumbani, hata mimi. Lakini kuzoea ni jambo la mmoja mmoja. Mimi nilizoea baridi ya Limuru nikiwa bwenini, na wanangu hawakuzaliwa wameizoea. Wanafunzi wangu wanamwona kunguni yuleyule akipuliziwa leo na kesho mpaka awe sugu, kisha awarithishe wanawe usugu huo. Ni lile wazo la Lamarck, mwanasayansi wa zamani, la twiga aliyenyoosha shingo akawarithisha wanawe, na nalikuta kwenye karatasi zao kila muhula.

Neno la pili ni "kutoweka". Niliwasimulia kuhusu Sudan, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, aliyekufa katika hifadhi ya Ol Pejeta Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin binti yake na Fatu mjukuu wake. Msichana wa dawati la mbele akaniuliza: "Hao wengine walitoweka wakaenda wapi?" Aliuliza kwa dhati. Mtaani kwetu mtoto akitoweka hutangazwa redioni, na wengine hurudi.

Ninyi mnaelezaje? Maabara sina, na kipindi ni dakika 40.

PulizaPipeline:
Mwalimu, kazi yangu ni kupuliza dawa ya kunguni, mitaa ya Pipeline na Tassia. Nikueleze ninachokiona. Kitanda kimoja kinaweza kuwa na kunguni mamia, na hawalingani. Wachache wamezaliwa na ngozi nene kidogo, au na mwili unaovunja sumu upesi, kabla mimi sijabisha hodi. Nikipuliza, wengine wote wanakufa na wale wachache wanarithi kitanda kizima. Wanataga. Baada ya miezi mwenye nyumba ananipigia simu, eti nimemuuzia maji. Anaoishi nao sasa ni watoto wa walioponea. Na mara nyingi kubadilisha chupa hakusaidii, maana dawa nyingi za dukani zimeigwa kutoka kwa sumu ya maua ya pareto, zote ukoo mmoja.

MamaBayo22:
Mwalimu, huyo fundi amekumalizia somo, mwalike darasani. Mimi husema "waliosalia", kamwe si "waliozoea". Faru nao sema wanaisha.

Kisha nunua maharagwe mekundu ya wairimu na maharagwe meupe. Huko kwenu udongo ni mwekundu, umebahatika. Mwaga 30 ya kila aina uwanjani, wanafunzi wawe ndege, waokote kwa sekunde 20. Kila haragwe lililosalia liongezee mtoto wa rangi yake, rudia. Usiwaambie mapema unachotaka waone.

Jiandae pia kwa swali la tumbili wa City Park: kama tulitoka kwao, mbona bado wapo? Waambie binamu yako hakukuzaa. Mna nyanya mmoja, naye hayupo tena.

MwalimuKawangware:
Mama, nimerudi na majibu, asante sana. Raundi ya kwanza walisalia wairimu 21 na meupe 6. Tukaongeza watoto: 42 na 12. Raundi ya pili meupe yakabaki 2, tukayafanya 4. Ya tatu, hakuna hata moja.

Niliwauliza: kuna haragwe lolote mliloliona likigeuka rangi? Kimya. Halafu mvulana wa nyuma, ambaye huwa hafungui kinywa, akasema: "Hakuna, mwalimu. Kilichogeuka ni hesabu." Nimeiandika sentensi hiyo ubaoni na sijaifuta.

Nilipotaka kuendelea na raundi ya nne, yule msichana wa dawati la mbele alikuwa bado amechuchumaa akipekua nyasi kutafuta jeupe. Mwenzake akamwambia, "Wacha, hakuna wa kuzaa mengine." Akasimama, akapangusa mikono kwenye sketi, akaniuliza kama Najin na Fatu wanajua wamebaki wawili.

Sikumjibu upesi. Fundi wa Pipeline, Alhamisi asubuhi una nafasi? Nitakulipia nauli.