Msaada: mashine ya santuri ya Marekani, sauti imezama, inavuma, na nyimbo za mwisho zinapasuka

Buruburu_33

Wadau, naomba mnisaidie kabla sijatupa pesa. Nina mashine ya santuri ya miaka ya 70, ile ambayo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Kibao cha chini kimeandikwa 120V 60Hz, kwa hivyo naiendesha kwa transfoma ya 240 kwenda 110. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ni mpya, Audio-Technica AT-VM95E. Waya nyekundu na nyeupe nimezichomeka kwenye AUX ya wufa ya sebuleni.

Waimbaji wote wanasikika kama wameamshwa usingizini. Cha ajabu, ile kadi ya vidoti iliyokuja na mashine nikiiweka juu ya sahani chini ya taa ya tyubu, vidoti vya kasi ya 33 vinasimama tuli, maana yake kasi iko sawa. Sauti nayo ni ndogo na kali, besi hakuna hata nikifungua wufa mwisho. Kuna mvumo wa "mmmm" usiokoma. Halafu nyimbo mbili za mwisho za kila upande zinapasuka, hasa kwenye herufi S na matoazi.

Nina Ksh 25,000. Kuna aliyenishauri niachane nayo ninunue ile ya sanduku yenye spika ndani. Santuri zangu ni roki ya zamani, Led Zeppelin, Pink Floyd, Dire Straits, na benga kidogo za inchi 7.

Puli_na_Mkanda

Ndugu, kasi haiko sawa, na kadi hiyo inakudanganya. Bandika kipande cha selotepu ukingoni mwa sahani, weka santuri, shusha sindano, halafu hesabu mizunguko 10 kwa saa ya simu. Kipande kikipita mara ya kwanza sema sifuri, usiseme moja. Mashine iliyo sawa inamaliza mizunguko 10 kwa sekunde 18 kamili. Leta jibu.

Buruburu_33

Nimerudia mara tatu: 21.5, 21.6, 21.6.

Puli_na_Mkanda

Basi sahani yako inazunguka 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Transfoma inashusha volti tu, haigusi mapigo ya stima. Mota ya namna hiyo hufuata mapigo. Ilitengenezewa 60 kwa sekunde, na Kenya tunapata 50, kwa hivyo umepoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi. Noti ya A unaisikia chini kidogo ya F kali (F#). Hapo hakuna mwimbaji atakayesikika macho.

Kadi sasa. Tyubu inameta mara mbili kwa kila pigo la stima, yaani mara 100 kwa sekunde hapa na 120 kule Marekani. Kadi ya Marekani ina vidoti 216 kwa mstari wa 33. Gawanya 6,000 kwa 216, unapata 27.8 ileile. Taa na mota zinakula stima moja, zimepungua pamoja, ndiyo maana vidoti vimesimama. Kadi ya kutumia huku ina vidoti 180. Na usiipime chini ya balbu ya LED, nyingi hazimeti vya kutosha.

Una njia mbili. Ya kwanza ni inveta inayotoa 120V na 60Hz ya wimbi safi kutoka betri ya 12V. Zile za bei rahisi za wimbi la ngazi zinaifanya mota itetemeke, na mtetemo huo unausikia kwenye spika. Ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua, ni kuchongesha puli mpya kubwa zaidi, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Pima kwa kaliper kipenyo cha ngazi ya 33, cha ngazi ya 45, unene wa mkanda, na shimo la shafti. Usibahatishe kwa rula.

Wanjiku_Spika

Nichukue hiyo ya sauti ndogo na besi kupotea, maana watu wengi huishia kununua wufa kubwa zaidi bure.

Kaka, wufa yako haina kosa. Katriji hiyo inatoa milivolti 4 hivi, wakati AUX inasubiri mamia ya milivolti. Halafu santuri haichongwi na sauti ilivyo. Besi ikichongwa nzima mfereji unatanuka na upande mmoja haubebi dakika 20, kwa hivyo besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Kwenye 20 Hz inakatwa karibu desibeli 20, kwenye 20,000 Hz inaongezwa kiasi kinachokaribia hicho. Huo ndio mkunjo wa RIAA, unaotumika tangu miaka ya 1950. Kazi ya kuurudisha sawa ni ya kifaa cha fono, ambacho pia hukuza sauti kama mara 100, yaani desibeli 40. Wewe umekiruka, ndiyo maana matoazi yanachoma na besi haipo.

Kwa bajeti yako kuna kisanduku kidogo cha fono cha MM (aina ya katriji yako, ya sumaku inayosogea), kinakaa kati ya mashine na wufa. Au tafuta amplifaya ya mtumba ya miaka ya 70 au 80 yenye tundu la PHONO nyuma, kule Luthuli Avenue au River Road. Ningekushauri amplifaya, mradi ubaki na hela ya spika mbili za kawaida. Wufa za sebuleni zinaweka gitaa na sauti ya mtu kwenye vispika vidogo mno, na roki inaishi hapohapo katikati. Ukiwa na tundu la PHONO usiongeze kisanduku kingine, utakuza mara mbili na kila kitu kitapasuka.

Amplifaya ya mtumba usiichomeke ukutani moja kwa moja. Mwambie fundi aiunganishe na balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, sawa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Pia zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, kinataka dawa ya kusafishia swichi, si mafuta ya kulegeza boliti, maana hayo yanabaki ndani na kushika vumbi.

Tom_Mboya_Str

Mvumo ni ile waya nyembamba ya tatu inayotoka kwenye mashine, yenye kichwa cha U. Bila shaka inaning'inia nyuma ya meza. Ifunge kwenye skrubu ya GND (ya ardhi) ya kifaa cha fono. Ikibaki kuvuma, sogeza mashine mbali na transfoma yako angalau nusu mita. Sumaku ya transfoma inaingia moja kwa moja kwenye koili za katriji.

Kadere45

Nyimbo za mwisho kupasuka ni sindano kuwa nyepesi tu. Weka sarafu ya shilingi juu ya katriji, mambo yataisha.

Wanjiku_Spika

Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya sindano iliyoundwa kubeba kati ya gramu 1.8 na 2.2. Kile kifimbo chembamba kinachobeba sindano kitalala, mwili wa katriji utaburuta juu ya santuri, na upande mmoja tu unatosha kuacha alama ambazo hakuna wa kuzifuta. Uzito pungufu nao unaharibu, maana sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta. Kwa katriji hii lengo ni gramu 2.0.

Buruburu, fuata hivi. Weka kizuia-mvuto, kile kitufe kidogo kando ya mkono kinachozuia sindano kuvutwa katikati ya santuri, kwenye 0. Toa kifuniko cha sindano. Zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke. Shikilia uzani usisogee, zungusha pete ya namba peke yake hadi isome 0. Sasa zungusha vyote viwili pamoja hadi 2.0, kisha rudisha kizuia-mvuto kwenye 2. Pete za mashine kuukuu hudanganya, kwa hivyo thibitisha kwa mizani ndogo ya dijitali inayosoma 0.01, kama za masonara, huku sindano ikiwa kwenye kimo kilekile cha santuri.

Kisha pembe ya katriji. Santuri inazunguka kasi ileile lakini duara linazidi kuwa dogo. Pale mwanzo mfereji unapita chini ya sindano kama nusu mita kwa sekunde, mwishoni ni sentimita 21 tu. Matoazi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na kosa dogo la pembe linalosamehewa mwanzoni linasikika huko. Chapisha karatasi ya kupangia ya Baerwald, yenye alama mbili kwenye milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati ya tundu. Kwenye saiba mwambie asipunguze ukubwa, asilimia 100, halafu pima mstari kwa rula kabla hujaiamini. Legeza skrubu mbili za katriji, isogeze mpaka kingo zake zilingane na mistari kwenye alama zote mbili. Ikilingana kwenye moja tu, bado.

Na uiangalie sindano yenyewe. Washa tochi, vuta kamera ya simu karibu kabisa. Sindano safi inang'aa kama tone dogo la kioo. Ya santuri za vumbi inavaa kofia ya kijivu, nyuzi zimejisokota kama utando wa buibui. Piga brashi laini kutoka nyuma kuja mbele tu, kamwe usiende kinyume.

Kadere45

Asante dada, nimejifunza. Na kuosha santuri je? Hizi benga za inchi 7 zina vumbi la miaka.

Tom_Mboya_Str

Lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri yanayouzwa petroli stesheni. Soma chupa mara mbili, asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Ongeza matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Kitambaa laini, fuata mfereji kwa duara, lebo ibaki kavu. Suuza kwa maji matupu ya aina hiyo hiyo, simamisha zikauke. Maji ya bomba yanaacha chumvi, na chumvi ndiyo mikwaruzo mipya. Zile santuri nzito za kasi ya 78 usiziguse kwa spiriti, inaziyeyusha, na zinataka sindano yao pana.

Roki_ya_Eastlands

Kuhusu ile ya sanduku: usinunue, na roki ndiyo itakayokuonyesha kwa nini. Led Zeppelin II ya 1969 ina toleo la kwanza lililochongwa na Robert Ludwig, lina herufi RL karibu na lebo. Besi yake ina nguvu mno hivi kwamba mashine hafifu za wakati ule ziliruka, kampuni ikachonga upya kwa upole. Mikono ya mashine za sanduku ni hafifu vilevile.

Ukinunua za mtumba, Kenyatta Market au kwingine, usitazame mwanzo wa santuri. Inamisha chini ya tochi utazame nyimbo za mwisho. Zikiwa za kijivu wakati mwanzo ni mweusi, sindano butu imeshazila, na hakuna mpangilio utakaozirudisha. Na usilipe zaidi kwa sababu tu ni toleo la kwanza. Brothers in Arms ya 1985 ilirekodiwa kidijitali, na ili itoshe santuri moja nyimbo kadhaa zilifupishwa kuliko kwenye CD. Matoleo ya baadaye ya santuri mbili yamezirudisha kamili.

Buruburu_33

Waya ya tatu ilikuwa inaning'inia kweli. Vipimo vya puli: ngazi ya 33 ni mm 10.0, ya 45 ni mm 13.7, mkanda mm 0.6, shimo mm 3.0.

Puli_na_Mkanda

Jumlisha mkanda, zidisha kwa 1.2, toa mkanda. Ya 33: 10.6 mara 1.2 ni 12.72, toa 0.6, unabaki na 12.1. Ya 45: 14.3 mara 1.2 ni 17.16, toa 0.6, ni 16.6. Peleka puli ya zamani pamoja na hesabu hii kwa fundi wa lethi, Kariobangi Light Industries wapo. Shaba au alumini zote sawa. Msisitizie jambo moja, shimo na kingo zichongwe bila kuifungua puli kwenye lethi. Akiifungua katikati ya kazi, shimo litaenda upande na piano zitayumba. Pia mwachie ule uvimbe mdogo katikati ya kila ngazi, ndio unaoushika mkanda usipande. Kabla hajaanza, angalia kama puli ya mm 16.6 itapita bila kugusa chini ya sahani.

Ukishaifunga, hesabu mizunguko 100, si 10. Inatakiwa iwe sekunde 180. Ukipata 178, puli ni kubwa kidogo, isugue kwa msasa namba 1000 huku mota ikizunguka, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Ikiwa 182, imepungua, na hapo ni kuchonga nyingine, kwa hivyo mwambie fundi aache ya 33 iwe 12.2.