Naomba ushauri: tai huyu ni wa Misri au wa Tiro?

Ndugu zangu, heshima kwenu. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliniachia sarafu kuukuu ya fedha yenye uzito wa gramu 13.9, nami natamani sana kujua sura iliyochorwa juu yake ni ya nani. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume anayetazama kulia, mwenye kidevu kilichochongoka. Upande wa pili una tai aliyekunja mabawa, akitazama kushoto.

Nilidhani ni Ptolemaio wa Kwanza wa Misri, ambaye huvaa utepe wa kifalme kichwani na ngozi yenye magamba shingoni, huku tai wake akisimama juu ya radi. Lakini sarafu za mji wa Tiro, zilizoanza kutolewa mwaka 126 KK, zina uzito unaokaribiana na huo, zikiwa na mungu Melkarti mwenye shada la majani na ngozi ya simba iliyofungwa shingoni, na tai wake hukanyaga omo ya meli, akiwa na kuti la mtende begani. Kwenye sarafu yangu, sehemu iliyo chini ya makucha imesagika kabisa, na kichwani naona mstari mwembamba tu.

Je, nitazame alama gani nyingine? Na kwa kuwa wapo wanaonihimiza niisugue kwa limau na majivu, jambo ninaloliogopa mno, naomba mnieleze pia namna salama ya kuyasoma maandishi ya Kigiriki yaliyofifia ukingoni.