Naomba ushauri: chuo kinataka ahadi ya binti yangu aliye darasa la tisa

Wanajamvi, habari zenu. Tunaishi Ohio, Marekani, na binti yangu anacheza soka. Kanuni za mwaka 2019 za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, zinawazuia makocha wa vyuo vya Daraja la Kwanza (ngazi ya juu kabisa) kuzungumza na mchezaji wa soka kuhusu usajili kabla ya tarehe 15 Juni, akishamaliza darasa la kumi; hata hivyo kocha wa klabu yake ametuletea ujumbe kwamba chuo fulani kinataka ahadi ya mdomo sasa hivi kwamba atakuja kukichezea, ahadi ambayo haikifungi chuo wala mchezaji. Mama yake anahofia nafasi itatuponyoka. Mimi nahofia kocha akihama, au mtoto akiumia goti, tutabaki mikono mitupu. Mliopitia hili, mlijibuje bila kumharibia mtoto?